Maji Kati ya Nyumba

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwezi Juni, na joto la Texas limeshaanza kupanda. Binti yangu amesimama ukingoni mwa bwawa. Kofia ya mpira imembana mpaka masikio yamejikunja, na miwani ya kuogelea imemchora duara jekundu kuzunguka kila jicho. Kocha anapuliza filimbi. Watoto sita wanajirusha kwa pamoja, maji yanajifunga juu yao, kisha vichwa vinaibuka kimoja kimoja, mbali kuliko pale nilipokuwa nikitazama. Mimi nimekaa kwenye kiti cha plastiki, taulo lake mapajani, nimeizuia pumzi mpaka niione kofia yake ya njano. Nimezaliwa na kukulia Tanga, mahali ambapo harufu ya bahari huingia hadi jikoni, na sijui kuogelea.

"Mama, mbona wewe huingii?" aliniuliza msimu wake wa kwanza, maboya yakiwa bado yamevishwa mikononi mwake. Nilimwambia nitamweleza akikua. Sasa ana miaka tisa, anamaliza yadi 25 bila kushika kamba, na naona wakati wa kumweleza umefika. Maelezo yenyewe yanahusu nyumba kuliko yanavyohusu maji.

Nilipokuwa mdogo, wavulana wa mtaani kwetu walikuwa wakijirusha majini kule Raskazone maji yanapojaa. Sisi wasichana tulibaki nchi kavu, kanga zimepandishwa hadi magotini, tukiokota simbi. Bibi hakuwa mkali. Alikaa kwenye kivuli akitutazama, na kila baada ya muda alihesabu vichwa. Katika maisha yake aliwahi kumwona mtu akiletwa ufukweni akiwa ameshavimba, na hofu aliyoipata siku ile aliirithisha kwa mama, mama akanirithisha mimi, kama watu wanavyorithishana pete au sinia la shaba. Hakuna aliyewahi kutuambia kwamba kuogelea ni somo, kwamba mtu hufundishwa, hushikwa kiuno, hukosea na kurudia. Tulidhani ni jambo la wavulana na samaki. Niliposoma baadaye kuhusu Marekani nikakuta Wamarekani wenyewe wamechunguza na kuona jambo hilohilo: mzazi asiyejua kuogelea ni vigumu sana mwanawe kujua.

Leo tunaishi kaunti ya Fort Bend, kusini-magharibi mwa Houston, jirani na mji wa Sugar Land. Ukitoka katikati ya jiji ukashika barabara kuu ya 59, ni kilomita thelathini na kitu. Mwaka 1980 mji huo ulikuwa na watu wasiofika 9,000. Mwaka 2000 walikuwa wamevuka 63,000, na sensa ya 2020 ikahesabu 111,026, pamoja na wakazi wa mitaa jirani iliyounganishwa na mji mwishoni mwa 2017. Eneo lote hili lilikuwa mashamba. Mtu aliyeondoka hapa akiwa kijana akarudi mzee hawezi kuutambua mji wake isipokuwa kwa kiwanda cha zamani cha sukari cha Imperial, ambacho jengo lake la matofali mekundu lingali limesimama ingawa kazi ya kusafisha sukari ilikoma mwaka 2003.

Nilipofika hapa nilishangazwa na namna nyumba zinavyozaliwa. Kwetu mtu hununua kiwanja, akakaa nacho miaka, akafyatua tofali, akapandisha msingi, akasubiri, akapaua. Maji na barabara humfuata baadaye, kama vikimfuata. Hapa kampuni moja hununua shamba zima, ikalichora lote mezani: mitaa inayojipinda, bwawa la kupokea maji ya mvua, kiwanja cha shule, kipande cha maduka. Sheria ya Texas inaruhusu kuundwa wilaya maalumu ya huduma za maji, ambayo hukopa kwa kuuza hatifungani ili kugharamia mabomba yanayotandazwa kabla hajahamia mtu, na deni likalipwa na kodi za nyumba mwaka hadi mwaka. Ndivyo ulivyojengwa mradi mkubwa wa First Colony ndani ya Sugar Land, ulioanza miaka ya 1970 na kuchukua zaidi ya ekari 9,000. Na katika ramani ya miradi kama hiyo, kati ya nyumba na nyumba, mchoraji huacha kiwanja kimoja ambacho hakiuzwi. Hapo huchimbwa bwawa la kuogelea. Wenye nyumba wote hulichangia kila mwaka, na kila kaya hupewa kadi ya kufungulia geti.

Hilo ndilo bwawa ninalokaa kando yake asubuhi. Tunalifikia kwa miguu, binti yangu akiwa na ndala na taulo shingoni. Likizo ikianza, watoto wa mtaa huu hushindana na watoto wa mtaa wa pili, wazazi wakiwa wameshika saa za kupimia mbio na maboksi ya machungwa yaliyokatwa. Ukitazama ubao wa majina utakuta Patel, Nguyen, Okafor, Garcia, Smith, kwa kuwa Fort Bend imekuwa mojawapo ya kaunti zenye watu wa asili nyingi kuliko nyingine Marekani. Anayeona picha hiyo asubuhi moja tu anaweza kuamini kwamba ndivyo ilivyokuwa siku zote.

Katika mji wa Sugar Land ndimo alimozaliwa mwogeleaji Simone Manuel, tarehe 2 Agosti 1996. Alianza masomo ya kuogelea akiwa na miaka minne, akiwafuata kaka zake wawili, na akakulia katika timu ya First Colony. Alipokuwa msichana wa miaka kumi na kitu alimuuliza mama yake kwa nini watoto Weusi kama yeye ni wachache hivyo kwenye mashindano. Mama yake hakumfunika kwa jibu la haraka. Wakakaa pamoja kwenye kompyuta, wakasoma historia. Kila nikiifikiria picha hiyo, mama na binti mbele ya kioo, nakumbuka swali nililoliahirisha mimi.

Safari yake ilikwenda kwa kasi. Mwaka 2014 alijiunga na Chuo Kikuu cha Stanford. Machi 2015, kwenye mashindano ya vyuo vikuu ya Marekani, wanawake watatu Weusi walishika nafasi tatu za kwanza katika yadi 100 za mtindo huru: yeye, Lia Neal na Natalie Hinds. Jambo hilo halikuwa limewahi kutokea. Kisha ikaja Rio de Janeiro, tarehe 11 Agosti 2016, fainali ya mita 100 mtindo huru. Nusu ya kwanza hakuwa mbele. Waliokuwa wakitazamwa ni wengine, hasa Cate Campbell wa Australia, aliyekuwa akishikilia rekodi ya dunia. Katika mita za mwisho Manuel aliwakuta mmoja baada ya mwingine, akagusa ukuta, akageuka kutazama ubao, na mkono ukapanda mdomoni. Alikuwa ametumia sekunde 52.70, rekodi ya Olimpiki, sawasawa kabisa na Penny Oleksiak wa Kanada, msichana wa miaka 16. Wote wawili wakavishwa dhahabu. Manuel akawa mwanamke Mweusi wa kwanza kutoka Marekani kushinda dhahabu ya Olimpiki katika mbio za mtu mmoja za kuogelea. Alipohojiwa akiwa bado ameloa alisema medali ile si yake peke yake, akawataja waliomtangulia, akina Maritza Correia na Cullen Jones.

Kwa nini ilichukua muda wote huo, hadi mwaka 2016, katika nchi yenye mabwawa mengi namna hii? Jibu limo katika ramani za nyumba. Baada ya Vita Kuu ya Pili, wanajeshi waliporudi wakaoa na kutafuta pa kuishi, kampuni ya Levitt ilijenga katika mashamba ya viazi ya Long Island, nje ya New York, nyumba zaidi ya 17,000 kati ya 1947 na 1951. Mtaa ule uliitwa Levittown. Ulikuwa na viwanja vya michezo na mabwawa ya kuogelea ya wakazi wote, ila mikataba ya mwanzo ilikataza nyumba kukaliwa na Weusi. Waliokatazwa nyumba walikatazwa pia maji yaliyokuwa kati ya nyumba.

Mijini, sheria zilipoanza kubomoa ubaguzi, baadhi ya halmashauri ziliona ni afadhali kukosa wote. Jackson, mji mkuu wa Mississippi, ulifunga mabwawa yake ya umma ili Weusi na Weupe wasiogelee pamoja, na mwaka 1971 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura tano dhidi ya nne, ikasema mji haukuvunja Katiba. Huko vitongojini Weupe wenye uwezo walihamia kwenye klabu zao binafsi. Moja ilikuwa Wheaton-Haven, jimbo la Maryland, karibu na Washington. Ilitoa kipaumbele kwa wakazi wa eneo la jirani, lakini familia ya Weusi iliponunua nyumba ndani ya eneo hilo ilinyimwa hata fomu ya maombi. Kesi ilifika juu, na mwaka 1973 majaji wote wakaamua klabu haina haki hiyo. Ilikuwa miaka mitano baada ya sheria ya 1968 iliyokataza ubaguzi katika kuuza na kupangisha nyumba.

Nimeitafakari sana fomu ile iliyonyimwa. Mtoto aliyekataliwa getini mwaka 1970 alikua bila kujua kuogelea, akazaa, akawakataza watoto wake wasisogelee maji, kwa mapenzi yaleyale aliyokuwa nayo bibi yangu alipohesabu vichwa. Mahakama ilifungua geti, lakini hofu ilikuwa imeshaingia nyumbani. Utafiti uliofanywa mwaka 2017 kwa niaba ya wakfu wa chama cha kuogelea cha Marekani uliona kuwa asilimia 64 ya watoto Weusi hawajui kuogelea au wanajua kidogo sana, dhidi ya asilimia 40 ya watoto Weupe. Mamlaka ya afya ya nchi hiyo nayo, ikichambua vifo vya kati ya 1999 na 2010, ilikuta kuwa mabwawani watoto na vijana Weusi wa miaka 5 hadi 19 walikufa maji kwa kiwango cha mara tano na nusu ya wenzao Weupe. Takwimu hizo ndizo fomu ile, imehesabiwa miaka arobaini baadaye.

Basi watu wanaposema Manuel ana kipaji, nakubali. Lakini vipaji vya namna hiyo bila shaka vilizaliwa pia mwaka 1930, na 1950, na 1970, katika nyumba ambazo hazikuwa na bwawa la kufikika. Yeye alizaliwa wakati ambapo wazazi Weusi wangeweza kununua nyumba katika kitongoji kilichopangwa, na kitongoji hicho kilikuwa na maji, na maji hayo yalikuwa na mwalimu. Akiwa na miaka minne, akatumbukia ndani.

Ningependa kuishia hapo, lakini ardhi hii haikubali. Februari 2018, mafundi waliokuwa wakijenga chuo cha ufundi cha shule za Fort Bend, ndani ya Sugar Land, walikuta mfupa. Wakachimba kwa uangalifu, yakaonekana makaburi yasiyo na alama, hatimaye mabaki ya watu 95. Wataalamu walisema ni Weusi, wanaume 94 na mwanamke mmoja, mdogo wao akiwa na miaka kama 14 na mkubwa akikaribia 70. Walikuwa wafungwa waliokodishwa. Marekebisho ya 13 ya Katiba, yaliyofuta utumwa mwaka 1865, yaliacha mlango mmoja wazi: mtu aliyehukumiwa kwa kosa angeweza kulazimishwa kazi. Texas ikautumia mlango huo. Mwaka 1878 jimbo liliwakodisha wafungwa wake wote kwa wenye mashamba wawili wa hapa, Cunningham na Ellis, wawalimie miwa katika matope ya kando ya mto Brazos. Waliokufa walifukiwa shambani, na miwa ikaendelea kukatwa.

Mtu wa Tanga haelezwi shamba la miwa ni nini. Bonde la Pangani, safari fupi tu kutoka kwetu, lilikuwa na mashamba ya miwa karne ya 19, yakilimwa na watumwa waliotolewa bara. Wao nao wamelala mahali fulani, chini ya minazi au chini ya sakafu ya mtu.

Kuna mtu aliyewahi kusema kabla ya mfupa kuonekana. Reginald Moore aliwahi kuwa askari magereza katika eneo hili. Aliisoma historia ya kukodisha wafungwa, na kwa miaka mingi alizunguka ofisi kwa ofisi akiwaambia wakubwa kwamba makaburi yapo, wapime ardhi kabla ya kujenga. Alisikilizwa baada ya mfupa kuonekana. Mwaka 2019 wale 95 walizikwa upya palepale walipokutwa, na mwaka 2020 Moore naye akafariki.

Siku nilipokwenda kuyaona makaburi yao nilikuta nyasi zilizokatwa, uzio, na sauti ya magari. Nyumba za kitongoji zilikuwa zinaonekana upande wa pili. Nilisoma dua niliyofundishwa na bibi, nikaona aibu kwamba nimeishi karibu miaka yote hiyo na sikuwahi kuuliza nimekanyaga nini. Jioni ileile nilimrudisha binti yangu bwawani. Mikono yake ilikuwa inapasua maji ya ardhi ileile iliyowameza wale, na nilishindwa kuamua moyoni kama nifurahi au nilie. Nadhani kitongoji kina wajibu wa pande zote mbili, kwa waliolala chini yake na kwa watoto wanaokulia juu yake, na kinachowasahau wa kwanza hakina sababu ya kuaminiwa na wa pili.

Hayo yamenirudisha nyumbani. Daraja la Nyerere la Kigamboni lilifunguliwa Aprili 2016, miezi michache kabla ya mbio ile ya Rio, na sisi tulio nje tukaanza kupigiana simu: kule sasa kunafikika. Nilinunua kiwanja kama wenzangu. Dar es Salaam ilihesabiwa watu 4,364,541 mwaka 2012 na 5,383,728 mwaka 2022. Milioni nzima imeongezeka katika miaka kumi, na wengi wao wamekwenda pembezoni, Kigamboni, Goba, Bunju, Chanika, wakijenga chumba kwa chumba. Kaka yangu ndiye msimamizi wangu. Hunitumia picha za bikoni, za mchanga ulioshushwa, za ramani ya upimaji. Katika ramani hiyo kuna kipande kimeandikwa "eneo la wazi".

"Dada," aliniambia juzi kwa simu, "lile eneo la wazi kuna watu wameshalipigia kamba. Wanasema vimebaki viwanja vitatu pale, wanatafuta wateja. Na yule mzee aliyetuuzia anakusalimu. Anakukumbusha makaburi ya wazee wake pale penye mwembe, anaomba fundi asiyasawazishe."

Nilikaa kimya kwa muda. Mambo mawili yaliyonisumbua kule Sugar Land, maji na makaburi, yalikuwa yamenifikia katika simu moja, kabla msingi haujachimbwa. Kigamboni imepakana na bahari, na watoto wake watakua kama nilivyokua mimi, karibu na maji yasiyo na mwalimu, endapo kila kipande kitauzwa. Sidai kila mtaa wetu uchimbe bwawa la vigae. Fukwe tunazo. Kinachohitajika ni kipande cha ufuko kisichozungushiwa ukuta wa hoteli, kamba ya kuonyesha mwisho wa kina kifupi, na mtu aliyefundishwa anayelipwa kukaa pale asubuhi na kuwafunza watoto, wasichana na wavulana.

Kaka yangu nimemwomba mambo mawili. Mwembe ule uwekewe uzio kabla ya tofali la kwanza kushushwa, na majina ya waliozikwa pale ayaandike yote kama mzee atakavyomtajia. Pili, akusanye majirani waende serikali ya mtaa wakiwa na nakala za ramani, wadai eneo la wazi libaki wazi. Mimi kwa upande wangu nimejiandikisha masomo ya kuogelea ya watu wazima, kila Jumanne jioni. Binti yangu amekwisha kuniambia nipulize mapovu kwanza.

Nawe msomaji unayejenga, au unayetuma fedha za kujengewa, fanya hivyohivyo. Muulize mwenyeji nani amelala hapo. Itazame ramani, uijue mipaka ya eneo la wazi, usiwe wa kwanza kulimega wala wa mwisho kulitetea. Jiji linaweza kutuahidi viwanja vya michezo vya miaka ijayo, lakini mtoto wa miaka minne hana miaka ya kungoja. Anahitaji maji anayoweza kuyafikia kwa miguu, na mtu mzima wa kumshika kiuno.